Bwawa Namba Saba

Barua ya wahakiki wa jarida ilifika Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mwingine, wakati watu wa Eldoret walikuwa bado wanazungumza kwa sauti ya chini na kuweka unga wa akiba uvunguni mwa vitanda. Wacera aliisoma kwenye kompyuta ya maabara akiwa amesimama, kisha akanisomea aya ya mwisho. Mhakiki wa pili alikiri kwamba matokeo ya bwawa namba saba yalikuwa ya kuvutia. Hata hivyo alikumbusha kwamba sampuli hizo zilikaa siku tatu bila umeme mnamo Januari 2008, na kwamba kile tulichokiita umbo jipya la protini huenda kilikuwa uozo tu. Tukusanye vyura wengine kutoka bwawa hilohilo na kuonyesha mahali pake kwenye ramani, la sivyo tuliondoe dai letu. Tulipewa miezi sita.

Tasnifu nzima ya uzamivu ya Wacera ilisimama juu ya bwawa hilo.

"Daktari," aliniambia, "namba saba ni la nani?"

Nilimjibu kwamba sikumbuki. Nilirudia yale niliyomwambia miaka minne nyuma, kwamba ramani ilipotea wakati wa vurugu pamoja na mengine mengi. Alinitazama bila shaka yoyote usoni, kama mwanafunzi anavyomtazama aliyemfunza kushika mikasi, akasema basi tutayarudia mabwawa yote kumi na moja.

Nilikuwa nakumbuka. Namba saba lilikuwa bwawa la Githinji, baba yake.

Yafaa nieleze kazi yetu kwanza, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Chura wa kucha huishi majini maisha yake yote. Miguu yake ya nyuma ina kucha tatu nyeusi, naye hupenda mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Ndani ya seli zake, kama ilivyo ndani ya zetu, jeni haitumiki moja kwa moja. Kwanza hunakiliwa, na nakala hiyo huwa na vipande vyenye maana vilivyotenganishwa na vipande virefu visivyohitajika. Seli hukata visivyohitajika na kuunga vilivyobaki. Lakini si lazima iunge vyote. Wakati mwingine hukiruka kipande kimoja, ikakiunga cha tatu na cha tano kana kwamba cha nne hakikuwapo kamwe, na kutokana na jeni ileile ikazaliwa protini nyingine, yenye tabia nyingine. Sisi tulifuatilia kinasi kimoja, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuziamsha protini nyingine, kama mtu apitaye nyumbani chumba kwa chumba akiwasha taa. Katika umbo lake la kawaida kina kipande kinachokizuia, breki yake yenyewe. Katika vyura wa namba saba Wacera alikuta umbo fupi: breki imekatwa, ncha mbili zimeungwa kwa usafi, na kimeng'enya kinawasha kila kitu bila kusimama.

Nilishuku sababu yake ni dawa ya kupe iliyotiririka majini kutoka mahali Githinji alipowaogeshea ng'ombe. Sikuweza kumwambia hivyo Wacera bila kumwambia bwawa ni la nani, wala sikuweza kumwambia bwawa ni la nani bila kuulizwa kuhusu ramani. Mtu anayeficha jambo moja hulazimika kuficha na majirani zake.

Mirija ya sampuli iliandikwa namba tu. Huo ndio utaratibu: anayesoma mistari ya vipimo kwenye jeli ya maabara asijue chura alitoka wapi, asije akaona anachotaka kukiona. Ufunguo wa namba ulikuwa mmoja, ramani niliyoichora mwenyewe Novemba 2007 nikitembea kwa miguu kutoka Yamumbi hadi mpakani mwa Kapseret. Nilipima kila njia kwa hatua zangu. Niliweka mageti, miti mikubwa, vijia vya ng'ombe. Na kwa kuwa mabwawa yalikuwa ya watu, nami nilifundishwa kwamba ridhaa ya mwenye mali ni sehemu ya sayansi, nilimwomba kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake kando ya bwawa lake. Majina yalikuwa kumi na moja. Sita yalikuwa ya watu waliotoka Mkoa wa Kati, au ambao wazazi wao walitoka huko.

Githinji alilifurahia jambo hilo kuliko wote. Aliuliza iwapo ni kweli serikali inamwajiri mtu mzima mwenye digrii tatu kuvua vyura, tena mtu wa ziwani, ambako samaki wamejaa.

"Umekosa samaki, daktari," alisema, "ukashuka cheo."

Kisha alivaa miwani akaliandika jina lake lote polepole, kwa wino wa bluu, kama anayetia sahihi hati ya shamba. Jirani yake Jemutai, mama mjane ambaye ng'ombe wake walikunywa maji ya bwawa hilohilo, alisimama ng'ambo ya ua akauliza kama vyura nao wanaandikishwa kupiga kura.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa Jumapili jioni, tarehe thelathini Desemba. Jumatatu asubuhi moshi ulikuwa umesimama pande tatu za mji. Ramani ilikuwa nyumbani kwangu Kapsoya, kwa sababu nilikuwa nimeichukua wakati wa Krismasi ili nichore nakala safi. Niliogopa kwamba nyumba za jirani zikichomwa na yangu ingeshika moto, nikaamua kuipeleka kwenye kabati la chuma la maabara. Sikuihofia sana nafsi yangu. Mwaka ule watu wa kwetu na wenyeji wa pale tulikuwa upande mmoja wa kura, na watu wa Kati upande wa pili.

Njiani nilikuta kizuizi kilichojengwa kwa mawe na nguzo za stima zilizoangushwa. Palikuwa na wanaume kama ishirini, baadhi yao wamejipaka udongo usoni na kushika panga. Aliyeniomba kitambulisho alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, amevaa sweta safi, na alikuwa na utulivu wa karani wa posta. Alisoma jina langu kwa sauti.

"Ooko. Wewe ni wetu. Pita."

Kisha akaiona ramani kwenye kiti cha abiria. Nilikuwa nimeiweka imekunjuliwa, nisije nikaitia mikunjo. Aliingiza mkono dirishani akaichukua, akauliza ni nini.

Ningeweza kusema ni kazi ya wanafunzi. Ningeweza kusema ni mchoro wa mabomba ya maji. Baadaye nilitunga majibu mengi, mengine mazuri sana. Lakini pale barabarani mtu aliuliza swali kuhusu ramani yangu, nami nilikuwa nimejibu maswali darasani kwa miaka kumi na miwili. Nilimwambia ni mabwawa ya utafiti wa vyura. Mmoja wa wenzake alicheka, akasema kumbe Wajaluo wameanza kula hata vyura.

"Na hizi majina?" mwenye sweta aliuliza.

"Ni wenye mabwawa."

Aliweka kidole juu ya karatasi akasema basi hii ndiyo barabara ya uwanja wa ndege. Nilimwambia hapana, ameishika juu chini. Kaskazini ni upande wa mshale. Nilishuka garini. Nikamwonyesha barabara ilipo, geti la Jemutai, kijia kinachoteremka nyuma ya mikaratusi hadi kwenye nyumba ya Githinji, ambayo haionekani barabarani. Alielewa upesi. Alirudia peke yake kwa kidole, kutoka bwawa la kwanza hadi la kumi na moja, wala hakukosea. Aliikunja ramani mara nne, akaiingiza ndani ya sweta, akanishukuru kwa adabu. Nikaingia garini nikaondoka.

Maabarani nilimkuta Wacera akikata maini ya kuwalisha vyura, maana ilikuwa zamu yake. Wakati huo alikuwa fundi wa maabara, miaka ishirini na minne. Mwenzake Jelagat, ambaye kwao ni Kapseret, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba leo haendi nyumbani, na hilo si ombi. Wacera alimpigia simu baba yake. Githinji alimweleza kwamba kwao kumetulia, ng'ombe wamekamuliwa, Jemutai amewaletea maharagwe. Kisha aliomba kunisalimia.

Nilipokea simu. Aliniuliza vyura wangu wamepigia nani kura. Nilicheka, nikamwambia ajitunze. Simu ile ilikaa sikioni mwangu dakika mbili nzima, nami sikumwambia chochote kuhusu ramani.

Nilijisadikisha kwamba yule mtu ataitupa karatasi mara tu atakapochoka nayo. Nilijisadikisha kwamba kusema ni kumtia mzee hofu bure, na kwamba barabara zimefungwa, hata akitaka kukimbia atakimbilia wapi. Hoja hizo nilizipanga vizuri, moja ikiitegemeza nyingine.

Walifika Yamumbi kesho yake, saa nane mchana. Mpangilio wake nilikuja kuujua baadaye, kwa kumuuliza huyu na yule bila kueleza kwa nini nauliza. Walichoma nyumba ya bwawa la pili, la tatu, la tano, la saba, la nane na la kumi, kwa kufuatana hivyo, katika muda wa saa mbili. Nyumba zilizokuwa katikati yake, za watu walewale wa Kati lakini zisizo na bwawa, hazikuguswa hadi siku iliyofuata, na wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo. Katika zile sita walikufa watu wanne. Githinji alikutwa kando ya maji. Alikuwa ametoka mafichoni akarudi kuwafungulia ng'ombe.

Wacera alikaa siku tatu katika chumba cha vyura. Jelagat alikifunga kwa nje, akauficha ufunguo kifuani, na kila aliyekuja kuuliza alimwambia humo mna vyura wa sumu, wakikurukia unavimba macho. Habari za Githinji zilimfikia Wacera akiwa humo, kwa simu, na hakuweza kulia kwa sauti. Umeme ulipokatika, yeye na Jelagat waliihamisha mirija yote, mmoja mmoja, hadi kwenye nitrojeni kidogo ya kugandishia iliyosalia. Baadaye nilimuuliza aliwezaje. Alisema mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Baba yake alizikwa mbali, Nyahururu, kwa ndugu. Wengi waliokwenda upande ule hawakurudi. Wacera alirudi, kwa ajili ya mirija. Nilimtafutia nafasi ya uzamili, kisha ya uzamivu. Nilisahihisha kila ukurasa wake mara tatu. Wenzangu walinisifu, wakasema laiti kila mtu angelikuwa na moyo kama wa Ooko. Jelagat peke yake aliwahi kuniuliza kwa nini nambembeleza yule binti kama mtu niliyemkanyaga. Kisa nilichomsimulia Wacera kilikuwa na kila kitu isipokuwa dakika kumi za barabarani, na kingo zake mbili zilikaa pamoja vizuri mno, hata mimi mwenyewe siku nyingine sikuuona mshono.

Kuna jambo moja ambalo Wacera alikuwa na hakika nalo. Nyumba yao ilikuwa bondeni, nyuma ya miti; mgeni asingeifikia bila kuonyeshwa. Na kuna waliomwona Jemutai akiwa getini kwake, anazungumza na wale wanaume kabla hawajateremka. Kwa miaka mitano Wacera hakulitamka jina la mama huyo. Rambirambi zake zilirudishwa. Mara mbili Jemutai alikuja mjini na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na mara mbili Wacera alitoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nilimwona yule mama kwenye benchi nje ya maabara, amejifunga leso, mikono juu ya kibuyu, anangoja. Mara zote mbili nilimsalimia nikapita.

Tulianza kuyazungukia mabwawa katikati ya Aprili, mvua zilipotulia kidogo, tukiwa na ndoo kumi na mbili za mtego na mfuko wa maini. La kwanza lilikuwa limefukiwa. La pili lilikuwa na wenyewe wapya, waliotukaribisha bila kutuuliza majina. Siku ya tatu tulifika mahali ambapo kijia cha zamani kilikuwa kimezibwa kwa seng'enge, na njia pekee ya kuteremka ilipita ndani ya boma la Jemutai. Wacera alisimamisha gari. Alisema kama kweli tunayarudia yote, basi na la kwao limo, na sayansi haina aibu. Alifungua geti yeye mwenyewe.

Jemutai alikuwa akianika mahindi. Alipomtambua aliacha kila kitu, akaleta viti viwili na benchi, akaingia ndani akatoka na kibuyu. Alimimina kikombe akakishika kwa mikono miwili mbele ya Wacera, ambaye hakuketi.

"Kunywa, hata kidogo," alisema. "Baba yako hakupitanga hapa bila kukunywa."

"Baba yangu hapiti tena, Mama."

Jemutai alikiweka kikombe chini. Kisha alianza kueleza bila kuulizwa, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo peke yake kwa miaka. Alisema wanaume wale walifika getini wakamuuliza kwa Githinji ni wapi. Aliwaambia huko chini hakuna boma, ni kinamasi kitupu, na kwamba Githinji aliuza akahamia Nakuru tangu mwezi wa nane. Aliwaapia kwa jina la marehemu mumewe. Waliamini. Walianza kurudi barabarani.

"Mimi nimeona migongo yao," alisema. "Halafu mmoja wa sweta akatoa karatasi. Akaniambia, mama, karatasi haidanganyi."

"Karatasi gani?"

"Ya majina. Imechorwa njia yote mpaka kwa mlango."

Wacera alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na sauti. Alisema miaka mitano amekuwa akijiuliza mama huyu atakuja na uongo gani, kumbe ni karatasi.

"Hata uongo, Mama, mtu huupika ukaiva." Aliinama akaokota wavu. "Daktari, twende. Hapa hakuna kazi."

Nilikuwa nimeketi. Kuinuka kungekuwa rahisi. Tungerudi garini, tungeandika kwamba bwawa moja halikufikika, Wacera angekosa tasnifu yake kwa sababu ambayo hakuna mtu angeijua, na Jemutai angebaki pale na mahindi yake akiwa mtu aliyemuuza jirani. Nilimtazama yule mama. Hakuwa akimtazama Wacera tena. Alikuwa akikitazama kikombe, kama mtu aliyekwisha kutarajia hivyo.

"Anasema kweli," nilisema. "Karatasi hiyo ni ramani yangu."

Wacera aliuweka wavu chini. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama alivyozoea kuuliza maabarani, swali moja, kisha kungoja jibu likamilike.

"Walikunyang'anya?"

"Hapana. Yule mtu aliniuliza, nikamweleza."

"Ulimweleza njia ya kwetu."

"Alikuwa ameishika vibaya. Nikamsahihisha."

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Thelathini na moja, asubuhi. Kabla sijafika maabarani."

Niliona macho yake yakitafuta, na nilijua yanatafuta nini, nami sikuwa na haki ya kuyatangulia.

"Kwa hivyo uliposhika simu yangu ukaongea na yeye," alisema, "ilikuwa tayari."

"Ndiyo."

Jemutai alijifunika mdomo kwa leso. Hakuwa amejua kamwe karatasi ni ya nani. Alidhani imetoka kwa chifu, au ofisi ya kura. Alikaa kwenye benchi akaanza kutikisa kichwa taratibu.

"Nilidanganya vizuri," alisema, lakini si kwa yeyote kati yetu. "Mungu anajua, siku hiyo nilidanganya vizuri sana."

Wacera aligeukia upande wa mikaratusi. Kisha aliniuliza bila kugeuka.

"Namba saba ni letu?"

"Ni lenu."

"Nenda uweke mitego."

Nilizichukua ndoo nikateremka peke yangu. Msingi wa nyumba ulikuwa umemezwa na nyasi za tembo, na kando ya maji palikuwa bado na ile sakafu ya saruji ambapo Githinji aliogeshea ng'ombe. Niliingia majini hadi magotini. Niliweka maini katika kila ndoo, nikaizamisha, nikaifunga kwenye mzizi, nikaandika saa. Kazi hiyo ilichukua saa nzima, nami niliifanya sawasawa kwa sababu sikujua namna nyingine ya kufanya kazi. Niliporudi juu, wanawake wale wawili walikuwa wameketi kwenye benchi moja, kibuyu kikiwa katikati yao. Sikujua kama Wacera alikunywa, na hilo halikuwa langu kulijua. Alirudi mjini na boda boda. Mimi nilirudi na gari.

Tulipata vyura kumi na wanne. Wacera alizipasua tishu zilezile siku ileile, zikiwa mbichi kabisa, na umbo fupi likaonekana kwa kumi na mmoja kati yao, mstari safi chini ya mstari, hakuna uozo. Mhakiki wa pili aliridhika, hata akapongeza. Kilichobaki kilikuwa ramani. Mhariri aliomba mchoro wa mabwawa na vipimo vya mahali pake, kwa kuwa ndiyo kanuni ya jarida. Wacera alijibu kwamba mahali hapo panajulikana na waandishi na hapatachapishwa. Mhariri alieleza tena, kwa upole, kwamba utafiti usioweza kurudiwa na wengine si utafiti. Kwa hoja hiyo alikuwa na haki, na mwaka mmoja kabla ya hapo ningeisema mimi mwenyewe darasani. Wacera alijibu kwa sentensi ileile. Mwezi wa Agosti makala ilikataliwa, na tasnifu yake ikasogezwa mbele mwaka mzima.

Mimi nilikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Afisa aliandika ukurasa mmoja, akauliza karatasi iko wapi, nikasema sijui. Akauliza jina la mtu wa sweta, nikasema sijui. Alisoma alichokiandika, akaniuliza kosa ninalotaka kuliripoti ni lipi hasa, kuonyesha mtu kaskazini? Hakusema kwa dhihaka. Alikuwa anatafuta neno la kujaza kwenye fomu. Mwishowe aliifunga faili akamwita mwingine.

Jelagat aliambiwa na Wacera. Tangu siku hiyo aliongea nami habari za kazi tu, kwa heshima kamili, na alipokuwa akisema "Daktari" lilikuwa neno refu.

Mwishoni mwa Septemba Wacera aliniletea fomu ya kubadilisha msimamizi. Mwenzangu wa idara nyingine alikuwa amekubali kumchukua, pamoja na vyura. Nilitia sahihi mahali palipohitajika. Nilipomrudishia hakuondoka. Alisema ana swali moja zaidi, na kwamba nisilijibu kama sitaki kulijibu lote.

"Pale barabarani," alisema, "ulipomwonyesha yule mtu, akaelewa. Ulisikia vipi moyoni?"

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kutaja hofu, na hofu ilikuwapo. Moshi ulikuwapo, na panga, na moyo wangu kifuani. Yote hayo yalikuwa kweli, na yangetosha kwa mtu mwingine.

"Nilifurahi," nilisema. "Hakuna mtu aliyewahi kuisoma ramani ile vizuri hivyo."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya anapoandika kipimo. Aliitia fomu ndani ya bahasha. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa kulisha. Alivaa glavu, akatoa maini kwenye friji, akaanza kuyakata vipande vidogo vilivyolingana, na bila kuinua uso akaniomba nifunge mlango nikitoka.